Mwanafunzi wa Upili na Shule Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule ya kutwa. Maswali haya huletwa na wazazi siku ya mkutano, na walimu wenzangu wakati wa chai, na wanafunzi wenyewe wanaobaki nyuma kengele ikishalia. Kwa kuwa nafundisha watoto wanaolala kwao, majibu mengi yanawahusu hao. Wa bweni wana mambo yao, na nitayagusa panapofaa.

Kusema mtoto "anajiona ni wa shule" ni kusema nini hasa?

Ni kusema anaamini kwamba pale shuleni anakubaliwa, anaheshimiwa na ana nafasi yake, na kwamba siku asipofika kuna mtu atakayemuulizia. Mwaka 1993 mtafiti wa Marekani, Carol Goodenow, alitunga dodoso la kauli 18 la kupima jambo hili. Mwanafunzi huulizwa kama walimu wanamheshimu, kama yupo mtu mzima shuleni anayeweza kumweleza shida yake, kama watu huona anapofanya jambo vizuri. Utafiti wa PISA, ambao OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, huufanya kwa vijana wa miaka 15 katika nchi nyingi, nao umekuwa ukiwauliza kama wanapata marafiki kwa urahisi, kama wanajiona wametengwa, kama wana upweke shuleni. Hakuna anayeulizwa habari za majengo wala basi la shule.

Mwanangu hakosi shule na sijawahi kuitwa kwa kesi yake. Si inatosha?

Haitoshi, mzazi mwenzangu, ingawa ni mwanzo mzuri. Mwaka 2004 watafiti watatu wa Marekani, Fredricks, Blumenfeld na Paris, walieleza kwamba kushiriki shuleni kuna sura tatu: matendo, hisia na fikira. Matendo ni kufika, kukaa darasani, kufanya kazi aliyopewa. Hisia ni kupenda au kuchukia kuwa pale. Fikira ni kujibidiisha kuelewa jambo gumu hata kama halitatoka kwenye mtihani. Mtoto anaweza kuwa na sura ya kwanza peke yake kwa miaka minne mizima. Anafika, ananakili ubaoni, anaondoka. Kwenye rejista ni mwanafunzi mwema, na hakuna anayejua kwamba tangu Januari hajauliza swali hata moja.

Ukitaka kumjua huyo, usimuulize "leo mmesoma nini?" Atakujibu "hisabati" na mazungumzo yameisha. Muulize leo alikaa na nani wakati wa chakula, na ni mwalimu gani aliyemwita kwa jina lake. Akikosa jibu siku moja si neno. Akikosa wiki nzima, fuatilia.

Wanafunzi wenyewe husema nini wakipewa nafasi ya kusema?

Huanza na kuchoshwa. Si sisi peke yetu: uchunguzi mkubwa wa wanafunzi wa sekondari nchini Marekani uliofanywa kutoka Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 2009 ulikuta takriban wawili kati ya watatu wakisema wanachoshwa darasani angalau mara moja kila siku. Sababu waliyoitaja zaidi ni kwamba mafundisho hayawavutii, na wengine wakasema hawaoni yanawahusu nini. Hapa kwetu nasikia maneno hayo hayo kwa lafudhi ya Kisauni na ya Jomvu. Kijana anayejua bei ya tuna na changu sokoni na anayepiga hesabu za babake mvuvi kichwani huambiwa kila wiki kwamba hajui hesabu. Hakuna aliyewahi kumuuliza anachokijua.

Ukiwapa muda zaidi hutoka mengine. La kwanza ni jina. "Mwalimu ananiita wewe wa nyuma," aliniambia msichana mmoja, na alilisema hilo kabla hajafika kwenye tatizo kubwa alilokuja nalo. La pili ni kuaibishwa: kusomewa alama mbele ya darasa zima, kusimamishwa kwa ajili ya viatu, kuambiwa "nyinyi watu wa huko ndivyo mlivyo." La tatu ni fimbo. Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya mwili pamoja na kumtesa mtoto kisaikolojia. Sheria ipo, na fimbo bado zipo. Mtoto anayeingia darasani akihesabu nani atapigwa hana nafasi ya kufikiria kemia.

La nne ni safari, na hili watu wazima hulipuuza sana. Mwanafunzi wa Mtongwe anayesoma kisiwani huondoka nyumbani kungali giza ili awahi feri. Kupanda ni bure kwa mwenda kwa miguu, lakini foleni haina huruma. Akichelewa hukuta lango limefungwa, na mtu wa kwanza kuonana naye siku hiyo ni anayemtaka apige magoti. Jioni hawezi kubaki kwa mazoezi wala kilabu kwa sababu ana njia ya kurudi. Kwa hiyo shule anayoijua yeye ni ile ya madarasa na adhabu tu. Ile nusu nyingine, inayowafanya wenzake waipende, hajawahi kuiona. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja katika shule zetu za kutwa, ningehamishia vilabu katikati ya mchana.

Kwa nini mtoto aliyekuwa mchangamfu anapoa akifika upili?

Kwanza ni umri. Mtoto wa miaka 15 anaanza kujali sana wenzake wanamwonaje, na wakati huohuo ndipo tunapompeleka mahali asipojua mtu. Shuleni alikotoka alikuwa na mwalimu aliyemjua pamoja na nduguze. Sasa ana walimu wengi, kila mmoja anaingia na kutoka, na hakuna anayeona siku yake yote.

Mwaka 2026 kuna jambo jingine ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi ndio wameingia Gredi ya 10, na juu yao shuleni wapo kidato cha tatu na cha nne pekee. Kidato cha pili hakipo, kwa sababu mwaka 2025 hakuna walioingia kidato cha kwanza. Wale kaka na dada wa mwaka mmoja mbele, ambao kwa kawaida humwonyesha mgeni choo kiko wapi na mwalimu gani ni mkali, safari hii hawako. Wakubwa waliopo wanasoma mtaala mwingine, wana KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, mbele yao, na wengine huwatazama hawa wadogo kama watoto wa mradi wa majaribio. Shule yenye busara huwapangia kila wageni watano mkubwa mmoja wa kuwaangalia muhula mzima wa kwanza, na humpa mkubwa huyo heshima mbele ya paredi kwa kazi hiyo.

Halafu kuna mikondo ya masomo ya Gredi ya 10: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, sanaa na michezo. Aliyetaka mkondo mmoja akapangiwa shule isiyoufundisha huingia tayari amekata tamaa. Mzazi, nenda ukaulize kama inawezekana kubadilisha, na uulize mapema, wiki za kwanza.

Kwa shule za bweni nitasema moja tu. Kuwaonea wageni, kuwaita "mono" na kuwafulisha nguo za wakubwa, si kuwakomaza. Anayeonewa leo hujifunza kwamba pale hana mtetezi, na mwakani huonea mwenzake.

Haya mambo ya hisia yanahusiana na alama?

Yanahusiana. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha jaribio walilofanya katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipewa somo la takriban saa moja: wasiwasi wa kujiona mgeni humpata karibu kila mtu mwanzoni, nao hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Wanafunzi weusi waliopewa somo hilo walipata alama bora kuliko wenzao weusi ambao hawakupewa, na tofauti ilionekana kwa miaka mitatu. Wale walikuwa wa chuo kikuu, kwa hiyo sisemi tutapata matokeo yaleyale Likoni. Lakini mtoto anayefikiri "ni mimi peke yangu nisiyefaa hapa" husoma kwa nguvu nusu, na nguvu nyingine huimalizia kujificha.

Shule ya mwanangu imekataza Kiswahili isipokuwa katika kipindi chake. Ina neno?

Lina neno, na mimi sikubaliani nalo. Ninajua nia: mitihani karibu yote imeandikwa kwa Kiingereza, na mtoto asiyekizungumza huumia mbele ya karatasi. Nia hiyo ni njema. Njia ndiyo mbaya. Kuna shule ambazo bado zina kile kipande kinachopokezanwa, mtoto anakivaa shingoni mpaka amsikie mwenzake akisema Kiswahili amvike yeye, na wa mwisho jioni anaadhibiwa. Fikiria kinachofundishwa hapo. Watoto wanafundishwa kuviziana, na lugha ya mama yake, ya imamu wake, ya mashairi ya Muyaka bin Haji aliyeishi mji huuhuu, inageuzwa kosa la kuadhibiwa. Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Matokeo yake nayaona darasani. Mtoto mwenye maneno mengi uwanjani hunyamaza kabisa akiingia ndani. Mwalimu humwandika "mpole." Mruhusu aulize kwa Kiswahili kwanza, umjibu, kisha mlijenge swali hilohilo kwa Kiingereza pamoja. Kiingereza chake kitakua haraka zaidi kuliko chini ya adhabu, kwa sababu atakuwa anazungumza. Wazazi wa darasa moja wakienda pamoja kwa mwalimu mkuu na pendekezo kama hilo, kwa adabu, husikizwa zaidi kuliko mzazi mmoja aliyekasirika.

Mtoto amerudishwa nyumbani mara tatu kwa ajili ya pesa. Atajionaje?

Atajiona mdeni, na mdeni hukwepa. Anaporudi hukuta somo limepita, wenzake wamefanya mtihani, na majina ya waliofukuzwa yalisomwa hadharani. Serikali ilipanga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa upili kwa mwaka tangu 2018, na shule ya umma ya kutwa haitakiwi kutoza karo ya masomo. Yapo malipo mengine, ya chakula kwa mfano, lakini Sheria ya Elimu ya Msingi inasema mtoto asinyimwe kuhudhuria kwa kushindwa kuyalipa. Najua fedha za serikali huchelewa na wakuu wa shule hubanwa na wauza mahindi na maharagwe. Hata hivyo deni ni la mzazi. Aitwe mzazi, apangiwe namna ya kulipa, mtoto abaki darasani.

Nawe mzazi, usisubiri kuitwa. Nenda na ulicho nacho, hata kama ni kidogo, na uandikiwe makubaliano. Omba basari ya kaunti na ya eneo bunge mara fomu zinapotoka.

Sisi ni Waislamu, naye amepangiwa shule iliyofadhiliwa na kanisa. Itakuwaje?

Mombasa hili ni la kila siku, na kinyume chake pia: mtoto wa Kikristo katika shule ambayo karibu kila mtu anafunga Ramadhani. Katiba, ibara ya 32, inalinda uhuru wa dini, na Sheria ya Elimu ya Msingi inampa mfadhili nafasi ya malezi ya kiroho huku akilinda imani ya wasio wa madhehebu yake. Kwa vitendo uliza mambo machache kabla ya siku ya kwanza: swala ya Ijumaa itakuwaje, hijabu inaruhusiwa vipi, mazoezi ya viungo mwezi wa Ramadhani yatapangwa saa ngapi, wasiofunga watakula wapi bila kujificha. Shule inayojibu maswali haya bila kukunja uso imeshafanya nusu ya kazi.

Kijana wangu anapenda maskani kuliko shule. Nifanye nini?

Kabla hujamkemea, uliza maskani inampa nini. Pale anaitwa kwa jina. Asipotokea siku mbili anafuatwa nyumbani. Ana kazi yake katika kundi, hata ikiwa ni kununua maji tu. Ana wakubwa wanaomcheka na kumtetea. Hayo ndiyo mambo tuliyotaja mwanzoni kuwa yanamfanya mtu ajione wa mahali fulani, na maskani huyatoa bila fomu ya kujiunga. Tatizo ni yanayofuatana nayo. Muguka, yale majani ya kutafuna yanayochangamsha, unauzwa mpaka karibu na malango ya shule. Mei 2024 kaunti ilipiga marufuku biashara hiyo, mahakama ikaisimamisha amri, na kijana wako bado anaupata. Na makundi ya mapanga yaliyotutesa Kisauni na Likoni hayakuokota watoto waliokuwa na pengine pa kwenda alasiri.

Kwa hiyo kumfungia ndani peke yake hakusaidii. Mtafutie mahali pengine patakapomhitaji. Nimeona kijana aliyeshindikana akikabidhiwa funguo za stoo ya mipira, na tangu siku hiyo akawa wa kwanza kufika. Mwingine alipewa kupanga vipaza sauti vya paredi. Wapo waliorudi kupitia kwa mwalimu wa madrasa au kiongozi wa vijana kanisani, kwa sababu huyo ndiye mtu mzima pekee waliyekuwa bado wanamsikiliza. Mtafute, mwombe, usione haya. Kama ameshaingia kwenye matumizi ya kulevya, hilo ni la hospitali pamoja na familia, nawe usilifiche kwa kuogopa majirani.

Mpira na maigizo si vinampotezea muda wa kusoma?

Mara nyingi vinamwokoa. Muhula wa kwanza shule zetu hushindana riadha, vikapu, mpira wa mikono na magongo. Muhula wa pili ni kandanda, voliboli na netiboli. Kisha kuna tamasha za muziki na za drama. Mcheza kwao hutunzwa. Msichana aliyeshika mkia darasani lakini anayeimba taarabu ya shule mpaka wageni wakasimama kumtunza hurudi darasani akiwa mtu mwingine, na walimu nao humtazama kwa jicho jingine. Adhabu ninayoipinga kabisa ni ile ya kumnyima mazoezi mtoto aliyefeli. Unamkatia kamba pekee iliyomfunga na shule.

Wawekeeni mpaka, ndiyo. Kazi ya nyumbani imalizwe, na wiki za mtihani mazoezi yapungue.

Baraza la wanafunzi lina faida yoyote?

Lina, likichaguliwa na wanafunzi na likijibiwa. Sheria ya 2013 inatoa nafasi ya mwakilishi wa baraza katika bodi ya usimamizi wa shule. Uliza shuleni kwenu kama anaalikwa, na kama akisema jambo linaandikwa. Viranja walioteuliwa na walimu peke yao huonekana na wenzao kuwa askari.

Binti yetu alijifungua. Anaweza kurudi?

Ndiyo. Sera ya kuwarudisha wasichana ipo tangu 1994 na mwongozo wake ulitolewa upya mwaka 2020. Aende na mzazi, na akikataliwa nendeni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Kinachomfukuza mara ya pili ni minong'ono. Mwalimu wa darasa aizime siku ya kwanza.

Mimi ni mwanafunzi. Sina rafiki hata mmoja shuleni. Kuna kitu kibaya na mimi?

Hapana, mwanangu. Wengi unaowaona wakicheka kwa makundi wana hofu hiyohiyo, wameificha tu. Usijaribu kupendwa na darasa zima. Mtafute mmoja: aliye peke yake wakati wa mapumziko, au mnayepanda naye matatu moja. Anza na kazi badala ya maneno, kwa sababu kazi haina aibu. Mwazime daftari, fanyeni hesabu moja pamoja, gawaneni viazi karai. Jiunge na kilabu kidogo, kwa maana katika kikubwa utajificha.

Na mwambie mtu mzima mmoja, mwalimu au mpishi au mtu wa maktaba, yeyote ambaye ukimwona moyo wako haushtuki. Ukionewa, ukipigwa, au ukijikuta unafikiria kujiumiza, piga 116. Ni simu ya bure ya kusaidia watoto, na inapokelewa usiku na mchana.

Mimi ni mwalimu, darasani nina wanafunzi sitini. Nitamjua kila mmoja vipi?

Huwezi kuwajua wote wewe peke yako, na hakuna mwenye haki ya kukulaumu kwa hilo. Walimu mkiwa wote, mnaweza. Bandikeni orodha ya darasa moja katika chumba cha walimu. Kila mwalimu aweke alama kwa mtoto anayemjua kwa jambo lisilo la alama: anapenda nini, anaishi na nani, hucheza wapi. Mtashangaa ni majina mangapi yatabaki bila alama hata moja, na kwa kawaida si watukutu, ni wale wapole wa katikati. Gawaneni hayo majina, watatu watatu. Kazi ya kila mwalimu ni kuzungumza na watatu wake dakika mbili kwa wiki, bila kutaja alama.

Mengine ni ya kila kipindi. Jifunze majina kwa kurudisha vitabu mkononi badala ya kumtuma kiranja. Aliyekuwa mgonjwa mwambie "tulikukosa jana." Soma alama faragha. Mara moja kwa muhula wape karatasi bila majina wajibu maswali matatu: ni lini ulijisikia vizuri hapa, ni lini ulitamani kuondoka, ni mtu mzima yupi hapa unayemwamini. Kisha, na hapa ndipo shule nyingi huanguka, rudini kwao na muwaambie mmebadilisha nini kwa sababu ya majibu yao. Mkiwauliza na kunyamaza, mwakani hawatawaandikia ukweli.

Nimhamishe shule?

Ikiwa anaumizwa na uongozi umeshindwa kumlinda, ndiyo, usichelewe. Ikiwa ni upweke wa mwanzo, mpe mihula miwili na ushirikiane na mwalimu wa darasa kwanza. Mtoto anayehamishwa kila mwaka huanza upya kila mwaka. Mkishaamua, chagua shule anayoweza kuifikia bila kuamka saa kumi, mpelekeni kabla masomo hayajaanza, aonane na mwalimu wa ushauri nasaha na kocha au mlezi wa kilabu anachokipenda, na muulizie mwanafunzi mmoja wa mtaani kwenu anayesoma hapo waongozane wiki ya kwanza.